Mumiani ameingia kwenye televisheni

Ndugu msikilizaji, wiki hii naomba tuzungumze habari ya damu. Kwa wakazi wa Vingunguti damu si kitu kigeni. Machinjio yapo hapa hapa, ng'ombe wanaletwa kutoka mnada wa Pugu, na alfajiri nyama inatoka kwenda kwenye mabucha ya Dar es Salaam. Mtoto wa hapa anaweza kukutajia maini, bandama na utumbo kabla hajajua kusoma vizuri. Lakini ipo damu nyingine inayomwagika kila jioni katika kibanda kimoja cha gemu, na damu hiyo ndiyo iliyowagawa wazazi wa mtaa mzima.

Kundi moja la wazazi linataka kibanda kifungwe. Wanasema kinafundisha watoto umumiani. Kundi la pili linasema gemu ni gemu tu, na ni afadhali mtoto akae kibandani kuliko kuzurura relini. Mama mmoja wa kundi la kwanza alinisimamisha njiani, akaniambia: "Kaka, wewe ni mtu wa redio, tusaidie. Kuna daktari mle ndani ya televisheni anampa mgonjwa dawa, mgonjwa anapona, halafu anamng'ata shingo anamnyonya damu. Huyo kama si mumiani ni nani? Na anayebonyeza ni mwanangu, ana miaka kumi na mitatu!"

Swali la mama huyu ni zito kuliko linavyosikika. Kwa hiyo nilikwenda kibandani jioni tatu mfululizo, nikalipia zamu kama wengine, nikashika pedi na kucheza. Leo nitaeleza nilichokiona, halafu kila mzazi apime mwenyewe.

Gemu yenyewe inaitwa Vampyr. Ilitengenezwa na kampuni ya Dontnod ya Paris, Ufaransa, ikatoka Juni 2018. Vijana wengi wamezoea gemu za mpira, ambamo timu mbili zinakutana, dakika zinakwisha na mshindi anajulikana. Hii ni ya namna nyingine. Hapa mchezaji anapewa mhusika mmoja, anatembea naye, anapigana naye, anazungumza na watu kwa niaba yake, na kila anachokifanya kinamwongezea pointi za uzoefu. Pointi hizo ananunulia nguvu mpya, kama vile uwezo wa kupiga pigo kali zaidi au kutoweka na kutokea upande wa pili. Kwa kifupi, mhusika anakua kadiri mchezaji anavyoamua.

Mhusika wa Vampyr ni daktari Mwingereza anayeitwa Jonathan Reid, bingwa wa kuongezea wagonjwa damu. Mwaka ni 1918. Anarudi London kutoka vitani na kulikuta jiji limeelemewa na homa kuu ya mafua, ile iliyoua watu wanaokadiriwa kufika milioni 50 duniani. Homa hiyo haikutusahau na sisi. Iliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa mwaka huo huo, wakati vita vya Wajerumani na Waingereza vikimalizika katika ardhi yetu, na ikaua askari, wapagazi na wanavijiji. Basi daktari Reid anazinduka usiku ndani ya shimo la maiti, amekwishageuzwa vampaya, yaani mfu anayeishi kwa kunyonya damu. Kiu inampeleka mbio, na mtu wa kwanza kumuua, bila kujitambua, ni dada yake mwenyewe.

Baada ya hapo anapata kazi ya zamu ya usiku katika hospitali. Mbele yake kuna vitongoji vinne na wakazi wapatao sitini, kila mmoja ana jina lake, kazi yake, ndugu zake na siri zake. Daktari anaweza kuzungumza nao, kuwapa dawa wakiugua, au kuwanyonya.

Sasa sikiliza kanuni inayoendesha gemu hii, kwa sababu ugomvi wetu wote umejengwa juu yake. Ukimnyonya mkazi mmoja, unapata pointi nyingi kwa mkupuo kuliko unazopata kwa kupigana usiku kucha. Ukimtibu kwanza, damu yake inakuwa bora na pointi zinaongezeka. Ukizungumza naye mpaka ukajua siri zake, pointi zinaongezeka tena. Maana yake ni kwamba yule unayemfahamu sana na uliyemsaidia sana ndiye anayekulipa zaidi ukimuua. Lakini kila mkazi anayekufa anateremsha afya ya kitongoji chake. Maradhi yanaenea, wengine wanatoweka, na kila kitongoji kina mtu mmoja ambaye ndiye nguzo yake. Nguzo hiyo ikiondoka, kitongoji kinaweza kuporomoka chote, mitaa ikabaki ya mazimwi matupu.

Upo uwezekano wa kumaliza gemu bila kunyonya mkazi hata mmoja. Ila njia hiyo ni ngumu. Daktari wako anabaki dhaifu, maadui wanamzidi nguvu, na kila pambano ni la jasho. Walioitunga walikusudia hivyo. Walitaka mchezaji aonje kishawishi cha njia ya mkato, kisha aone kwa macho yake nani analipa gharama. Na jambo moja zaidi: gemu inajihifadhi yenyewe kila unapopita. Ukishamuua mtu huwezi kurudi nyuma ukajaribu tena. Amekwenda.

Kwa hiyo, mama, jibu la sehemu ya kwanza ya swali lako ni kwamba gemu hii haimsifu mnyonya damu. Inamweka mchezaji katika viatu vyake na kumuuliza kila saa: utafanya nini? Jibu la sehemu ya pili, kama huyo ni mumiani ama siye, linahitaji tuangalie vampaya ametoka wapi na mumiani ametoka wapi.

Vampaya ni mtu wa Ulaya ya mashariki. Katika miaka ya 1720 na 1730, huko Serbia, sehemu iliyokuwa chini ya Austria, vijiji vilikumbwa na vifo vya kufuatana. Watu wakasema marehemu fulani anatoka kaburini usiku kuja kuwanyonya walio hai. Wakafukua makaburi. Wakakuta maiti zimevimba, damu imetoka mdomoni, kucha zinaonekana zimerefuka. Leo daktari yeyote atakwambia hayo ni mambo ya kawaida ya mwili unaooza: gesi inauvimbisha, inasukuma maji mekundu kinywani, na ngozi inayorudi nyuma inafanya kucha zionekane ndefu. Wakati ule maiti zilipigwa vigingi na kuchomwa moto. Mwaka 1755 Malkia Maria Theresa wa Austria aliuliza wataalamu, na daktari wake, Gerard van Swieten, akaeleza kwamba hakuna vampaya wala nini, bali kuna hofu na ujinga. Malkia akapiga marufuku kufukua na kuchoma maiti.

Baada ya serikali kumfukuza vampaya makaburini, waandishi walimkaribisha vitabuni. Mwaka 1819 John Polidori, ambaye naye alikuwa daktari, alitoa hadithi ya vampaya bwana mkubwa anayekaa na watu wa heshima. Mwaka 1897 Bram Stoker, mzaliwa wa Ireland, akatoa kitabu cha Dracula. Kutoka kitabuni akaingia sinema, na mwaka 1986 kampuni ya Konami ya Japani ikamwingiza kwenye gemu iitwayo Castlevania. Kwa maneno mengine, huyu mnyonya damu anayeonekana Vingunguti amekwishatembea karibu miaka mia tatu, na sehemu kubwa ya safari hiyo kila aliyemlipia kiingilio alijua kuwa analipia hadithi.

Mumiani wetu ana safari nyingine kabisa. Neno lenyewe ni la Kiajemi, na kwa asili ni dawa. Ilikuwa kitu cheusi kama lami au nta, kilicholetwa kwa majahazi, kikipakwa mwilini au kuyeyushwa katika samli na kunywewa na waliovunjika mifupa. Neno hilo hilo liliwapa Wazungu jina la maiti zilizokaushwa za Misri, na kwa karne kadhaa maduka ya dawa ya Ulaya yaliuza unga wa maiti hizo kama tiba. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson mwaka 1939 inaitaja dawa hiyo, na inaongeza kuwa wenyeji wengi wanaamini inatengenezwa kwa damu ya watu waliouawa, hivyo uvumi ukianza watu wanajifungia ndani jua likizama.

Katika enzi ya ukoloni uvumi huo ulienea Afrika Mashariki na Kati. Kongo waliwaita batumbula, Rhodesia ya Kaskazini, ambayo ndiyo Zambia ya leo, waliwaita banyama, Uganda bazimamoto, na sisi tukasema mumiani au chinjachinja. Mwanahistoria wa Marekani, Luise White, alikusanya masimulizi hayo kutoka kwa wazee wa nchi kadhaa na kuyatolea kitabu mwaka 2000. Mara nyingi waliotuhumiwa walikuwa askari wa zimamoto. Hebu fikiri: gari jekundu, kengele, mipira mirefu, watu wenye sare wanaopita usiku, na mwananchi wa kawaida hajawahi kuwaona wakizima moto wa nyumba yake. Uvumi ulishika mizizi kiasi kwamba mwaka 1959 gazeti la Uganda Argus liliandika habari ya mtu aliyefungwa miaka mitatu kwa kujaribu kumuuza mwenzake kwa zimamoto. Alikwenda mwenyewe na bidhaa yake akiamini biashara ipo.

Angalia tofauti. Vampaya wa Ulaya ana kiu. Mumiani wetu ana mwajiri. Yule ana meno, huyu ana sindano, ndoo na gari. Yule anakunywa mwenyewe, huyu anapeleka damu kwa mkubwa fulani asiyeonekana na kulipwa mshahara. Kwa maoni yangu hofu hii haikuzuka hewani. Serikali ya kikoloni ilichukua mengi kwa mwananchi: kodi, ardhi, nguvu za kazi. Ilichukua hata damu yenyewe katika kampeni za kupima malale na magonjwa mengine, mara nyingi bila kumweleza mtu damu yake inakwenda wapi na kwa nini. Asiyeelezwa hujieleza mwenyewe, na akijieleza gizani huona chinjachinja.

Sasa turudi kwa mama yetu. Alichokiona kwenye kioo ni daktari mwenye koti, anayejua habari za damu, anayetibu mchana wa moyo na kuua usiku wa tamaa. Hilo ni umbo la mumiani hasa, ingawa waliolichora kule Paris huenda hawajawahi hata kulisikia jina hilo. Ndiyo maana gemu ambayo kwa kijana wa Ulaya ni hadithi ya kale, Vingunguti inagusa kidonda. Mama hakuwa mjinga hata kidogo. Alitambua kitu anachokijua tangu utoto.

Lakini tatizo kubwa nililolikuta kibandani ni jingine, nalo halikutajwa na kundi lolote la wazazi.

Kwanza ni lugha. Gemu hii ni ya mazungumzo. Kila mkazi ana maelezo marefu, na maelezo hayo yote pale kibandani ni ya Kiingereza chenye lafudhi ya London ya kale. Watoto hawayaelewi. Wanabonyeza kitufe haraka haraka ili maneno yapite, wafike kwenye kung'ata. Hivyo ile nusu ya gemu inayouliza swali la haki na dhuluma inaruka, na inabaki nusu ya meno. Wamepewa damu bila onyo lake.

Pili ni fedha. Kibandani unalipia muda, na saa iko ukutani. Gemu hii inahitaji saa nyingi, na njia ya wema ndiyo inayokula saa nyingi zaidi. Mtoto mwenye shilingi mia tano ya mkopo kwa bibi yake hana subira ya kuzunguka London akigawa dawa ya kikohozi. Muda wake unakwisha. Atamnyonya wa kwanza atakayemkuta, apate nguvu, apigane, ashangiliwe. Kibanda chenyewe, bila mtu kukusudia, kinalipa njia ya mkato.

Tatu, na hili lilinifikirisha zaidi, ni kwamba zamu zinafuatana kwenye mchezo ule ule uliohifadhiwa. Anayeingia saa kumi na mbili anaanzia pale alipoachia wa saa kumi na moja. Wa kwanza ameua watu, ameondoka na sifa. Wa pili anakuta kitongoji kimekufa, maduka hayana wenyewe, mitaa imejaa mazimwi, na yeye ndiye anayepigwa mpaka muda wake unakwisha. Nilimwona kijana mmoja akirusha pedi kwa hasira akiuliza nani aliyeharibu. Hakujibiwa. Ndugu msikilizaji, wewe unayekaa jirani na mto Msimbazi unaijua hali hiyo bila gemu. Anayetupa taka mtoni leo siye anayeamka usiku wa mvua kubeba godoro kichwani.

Jioni ya tatu nilimwomba kijana mwenye kibanda ruhusa, nikakaa nyuma ya wachezaji na kuwatafsiria. Tulifika Whitechapel, kitongoji cha maskini, ambako kuna nesi anayeendesha zahanati ya siri kwa ajili ya wasio na uwezo. Yeye ndiye nguzo ya mahali pale. Mchezaji anafika mahali pa kuamua hatima yake. Siku zote, waliniambia, walikuwa wakimnyonya, kwa sababu pointi zake ni nyingi. Safari hii nilieleza kwa Kiswahili anachokisema na anachokifanya. Kelele zikapungua. Mmoja akasema, "Anko, huyu ni kama yule nesi wa zahanati yetu." Mwingine akasema pointi ni pointi. Wakabishana, na ubishi ulikuwa wa hoja. Mmoja aliuliza kama nesi akifa, wagonjwa wake watakwenda wapi. Mwingine akajibu kwamba daktari akibaki dhaifu atakufa yeye, na nani atawatibu? Sijasikia mjadala wa namna hiyo katika kibanda cha gemu, na nimehudhuria mikutano ya watu wazima isiyofikia hapo. Mwishowe walipiga kura ya mikono na nesi akaachwa hai kwa kura moja.

Hata hivyo, jioni hiyo hiyo lilitokea jambo lililonitia wasiwasi. Mtoto mmoja aliniuliza, kwa upole kabisa, kama wale wanaokuja na magari kukusanya damu ndio wanaouza damu kwa watu kama Reid. Wenzake hawakucheka. Wawili waliitikia kwa kichwa. Hapo ndipo hadithi inapovuka mpaka na kuwa uvumi, na uvumi wa damu katika nchi yetu umekwishaua.

Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watu watatu, watafiti wawili na dereva wao kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa na wanakijiji na miili yao kuchomwa moto pamoja na gari. Kazi iliyowapeleka kule ilikuwa utafiti wa udongo. Wanakijiji waliambiwa kuwa wanyonya damu wamefika. Mwaka uliofuata, 2017, uvumi wa aina hiyo ulizuka kusini mwa Malawi, watu kadhaa wakauawa na makundi ya wananchi, na Umoja wa Mataifa ukalazimika kuwaondoa watumishi wake katika baadhi ya wilaya. Hakuna gemu iliyosababisha hayo. Yalisababishwa na maneno ya mdomo yaliyokimbia kuliko akili.

Kwa hiyo nilimjibu yule mtoto, na ninamjibu kila anayesikiliza. Damu inayokusanywa nchini inasimamiwa na Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ulioanza mwaka 2004. Mchangiaji anatakiwa awe na umri kati ya miaka 18 na 65 na uzito usiopungua kilo 50. Kinachochukuliwa ni mililita 450 hivi, chini ya nusu lita, na mwili unairudisha. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Damu hiyo inapimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende, kisha inatunzwa kwenye baridi, na chembe zake nyekundu hazikai zaidi ya wiki tano au sita. Aidha, tangu mwaka 1901, Karl Landsteiner alipogundua makundi ya damu, inajulikana kuwa damu ya kundi lisilolingana inaweza kumuua mgonjwa. Sasa niambie, huyo mumiani wa ndoo, asiyepima kundi, asiye na jokofu, atamuuzia nani? Damu iliyoibwa gizani haina soko kwa sababu haina kazi.

Yenye kazi ni ile iliyotolewa kwa hiari. Inakwenda kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua, kwa kijana wa bodaboda aliyegongwa Barabara ya Nyerere, na kwa mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi zaidi duniani. Kila anayekimbia chupa ya damu kwa kuogopa mumiani anamwacha mmoja wa hawa akisubiri. Tukitafuta mnyonya damu wa kweli wa mtaa wetu, basi ni ule uvumi.

Je, kibanda kifungwe? Mimi sioni faida. Ukikifunga hiki, watoto watahamia Buguruni au Kiwalani, ambako mama hawezi kuchungulia. Lakini wazazi wa kundi la pili nao wasijifariji kuwa gemu ni gemu tu. Vampyr imepewa alama ya umri wa miaka 18 na wapimaji wa Ulaya, na alama hiyo huchapwa kwenye ganda la diski ili isomwe. Mtoto wa miaka kumi na mitatu hakutengenezewa gemu hii. Ina mauaji, ina maiti, na ina maamuzi yanayohitaji kichwa kilichokomaa. Mwenye kibanda na wazazi wanaweza kukaa na mjumbe wao wa mtaa wakakubaliana mambo machache: gemu za alama ya 18 zichezwe usiku na watu wazima, watoto wapate za mpira na za magari, na saa za shule kibanda kisiwe na mwanafunzi. Yule kijana mwenye kibanda nimekwishazungumza naye, na amekubali kuanza na hilo la usiku bila kusubiri kikao. Ameniomba tu nisilitaje jina lake hewani, asije akaitwa mumiani.

Na wewe mama uliyenisimamisha njiani, mwanao usimchape kwa hili. Mketishe, mwulize yule daktari alimfanya nini nesi wa Whitechapel, na kwa nini. Alikuwa kwenye kura ile. Mwulize alinyoosha mkono upande gani.